Spika Kwenye Ukuta wa Wankyo

Siku ya soko, duka la redio la Clementi mjini Musoma lilijaa watu wasionunua kitu. Walikuja kusikiliza bure, wakaegemea kaunta, wakabishana kuhusu mpira. Pastory, fundi wa duka hilo, alishawazoea. Siku hiyo, mwaka wa sabini na nne, alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa mgongo, chuma cha kulehemu mkononi, aliposikia sauti ya mwanamke juu ya kichwa chake.

"Ndugu fundi, ile yenye jicho la kijani inauzwa?"

Akainua uso. Msichana alivaa gauni la maua ya njano, kilemba cha rangi hiyohiyo, na raba nyeupe zilizopigwa chaki asubuhi ile. Alikuwa akionyesha redio kubwa ya mbao, ya zile za taa ndani, ambayo ikikamata stesheni vizuri jicho lake la kijani hujifunga taratibu kama la paka anayesinzia.

"Inauzwa. Unaipeleka wapi?"

"Nyumbani, Buswahili. Ya wazazi."

"Kuna umeme?"

"Buswahili? Umeme wa nani?"

"Basi hiyo siyo yako," Pastory akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Watu wa kaunta wakacheka. Msichana hakucheka. Akaweka mkoba juu ya redio ambayo fundi alikuwa akiitengeneza.

"Duka gani hili linafukuza wateja?"

"Sikufukuzi, dada. Hiyo inakulaga umeme kama ng'ombe anavyokunywa maji kiangazi. Ukiifunga kwenye betri ya gari, siku tatu betri imekufa, na kuichaji ni mpaka Bunda. Baba yako ataibeba kichwani?"

"Na hizi ndogo za transista?"

"Hizo zinatumia betri za tochi. Miezi miwili bado unasikiliza."

"Mama hazitaki. Anapenda kwaya ya Jumapili asubuhi, na kwenye hizi ndogo waimbaji wa besi hawasikiki. Anasema wanaume wote wamekufa, wamebaki wake zao."

Hapo Pastory naye akacheka. Akamwambia ageuke, aangalie barabarani. Akawasha redio zote mbili kwenye stesheni moja, akawa anapandisha hii na kushusha ile.

"Hii," msichana akasema. Baadaye tena, "Hii." Mara zote mbili alichagua ya taa.

"Una masikio," Pastory alikiri. "Ila sikiliza. Mwili wa sauti hautoki kwenye zile taa peke yake. Unatoka kwenye spika, na sanduku la spika." Akavuta chini ya meza spika pana kama sinia, aliyoitoa kwenye redio kuukuu iliyokufa. Akaiunganisha kwa nyaya na transista ndogo, akaiegemeza kwenye ubao wa kaunta. Besi zikatoka, nzito, mpaka mzee mmoja wa kaunta akaondoa mkono kwenye ubao.

"Nikiipachika ukutani, ukuta wote wa nyumba unakuwa sanduku lake. Ndani watasikia, uani watasikia."

"Uani ndiko kwenyewe. Baba ni mwenyekiti wa kikundi cha kusikiliza masomo ya redio. Tangu wahamie kijiji kipya wanakujaga watu arobaini." Akaitazama spika, kisha akamtazama fundi. "Unaitwa nani wewe, mwenye maneno makavu hivi?"

"Pastory."

"Mimi Dorotea Machage. Nafanya kazi kwenye mizani, kiwanda cha pamba Bunda. Kiwandani kuna simu. Ukiwa tayari nipigie."

Pastory alipiga siku ya tatu, na wala hakuwa tayari. Ursula wa posta akamuunganisha.

"Ukuta wa kwenu una unene gani?"

"Umenipigia simu kuniuliza ukuta?"

"Ndiyo."

"Shubiri moja."

"Yako au ya baba yako?"

"Yangu."

"Mkono wako sikuuona vizuri. Itabidi nije Bunda niupime."

Kwenye waya Ursula akakohoa. "Dakika tatu zimekwisha," akasema, ingawa hazikufika mbili.

Akaenda Bunda. Jumapili ya kwanza walikula sato karibu na stendi, Dorotea akampa mkono aupime, naye akaupima polepole mno kwa mtu mwenye kazi ya ufundi. Jumapili ya pili wakatembea mpaka yadi ya pamba, nyuzi nyeupe zikaganda kwenye suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, Dorotea akamcheka kwamba amezeeka ghafla. Jumapili ya tatu Pastory akasema jambo lake.

"Mimi nataka kukuoa. Sijui kuzunguka."

"Nimeliona hilo," Dorotea akasema. Akachezea pindo la kitenge chake. "Wewe njoo kwanza uwapelekee redio. Nitamwambia mama wewe ni nani, na mama atamwambia baba. Wakuone."

"Basi ni ndiyo?"

"Nimesema njoo, mpenzi. Unataka nikuandikie?"

Hapa inafaa kusema kwamba Pastory alilelewa misheni. Wazazi wake, watu wa Kisorya, walikufa angali mdogo, akabaki na baba mdogo mmoja aliyemwona kwa nadra. Masista walimfundisha kusoma, bruda mmoja akamfundisha redio. Mambo ya ukwe hakufundishwa na mtu. Dorotea alijua kwamba ni yatima. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Jumamosi iliyofuata Pastory alishuka Buswahili na gunia la vifaa, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mzee Machage alikuwa ameweka vigoda viwili vizuri karibu na zizi, mbali na nyumba, na amevaa koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu mgeni. Kaa."

"Nitakaa nikimaliza. Jua linatembea. Nyumba ya mama ni ipi?"

Mzee akamtazama binti yake. Dorotea alisimama na kibuyu cha togwa mkononi. Kumzuia mbele ya baba ingekuwa kujitangazia mchumba mwenyewe, na msichana hafanyi hivyo. Pastory akaona nyumba yenye ukuta unaotazama uani, akaingia.

Wankyo, mama yake Dorotea, alikuwa anachekecha unga. Alipomwona mlangoni alivuta khanga usoni, akaacha chekeche chini, akatoka kwa mlango wa nyuma karibu mbio. Pastory akafikiri: mama huyu ana aibu. Akavua koti. Alitoboa ukuta juu kidogo ya kitanda cha mama, akapachika spika, akaikandika kwa udongo mpaka ikawa kama imezaliwa pale. Akapanda juu ya paa la nyasi kufunga antena. Alipomaliza, kwa adabu zake za misheni, akaingia mpaka jikoni kumuaga mama. Wankyo akageukia ukuta.

Uani sauti ilitoka nene na safi. Watu wakapiga makofi. Mzee Machage akasema, "Asante, fundi," akaviingiza vigoda ndani. Pastory akapanda basi akipiga mbinja.

Jumatatu akapiga simu. Ursula akasema, "Bunda wanasema yuko kwenye mizani." Jumanne, kwenye mizani. Alhamisi Ursula akashusha sauti. "Kaka Pastory, huyo mtu hayuko kwenye mizani. Hataki."

Akaomba ruhusa kwa Clementi, akaenda Bunda. Alimkuta Dorotea getini, amevaa ovaroli ya kazi, hana kilemba, macho mekundu, na vumbi la pamba halikuwa sababu.

"Nimekosa nini?"

"Unaniuliza mimi? Si ungesema tu kwamba umebadili mawazo? Wewe ni mtu wa kusema mambo wazi."

"Nimebadili mawazo gani, Dorotea?"

"Umeingia nyumbani kwa mama yangu. Umesimama mpaka kitandani kwake. Umepanda juu ya paa lake, mama yuko chini. Kwetu anayetaka kuoa mtoto wa mtu hakanyagi nyumba ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Anakaa zizini mpaka aitwe. Mtu akiingia vile, amesema mbele ya wote kwamba hapa hana ukwe. Baba amesema, huyu alikuwa fundi, amefanya kazi yake, imekwisha."

Pastory alisimama kama mtu aliyepigwa na umeme, na alishapigwa nao, alijua unavyokuwa.

"Sikujua."

"Nani hajui?"

"Mimi. Pale misheni mama mkwe tungempata wapi? Masista?"

Dorotea karibu acheke, akajizuia. "Nilimwambia mama ndiye wewe. Unajua amekaaje tangu siku ile? Majirani wanamuuliza, mkwe wako anapandaga mpaka mapaa?"

"Nitaenda nimwambie mzee kwamba sikujua."

"Atakuambia sawa, fundi, nimesikia. Maneno hayafuti alichokiona kwa macho." King'ora cha kiwanda kikalia, akaingia. Lakini kabla hajafika mlangoni aligeuka mara moja, na Pastory aliliona hilo.

Wiki tatu zilipita. Ndipo mtu wa basi alipoleta ujumbe dukani: Mzee Machage anasema redio imekaa kimya, fundi aje Jumamosi. Clementi akamwambia, "Kama hutaki nitampeleka mwingine." Pastory akasema ataenda mwenyewe. Alichukua bisibisi, risasi ya kulehemu na nyaya. Suti ya Kaunda akaiacha.

Alikuta watu wa kikundi wamekwisha kusanyika, wamekaa kwenye mikeka kutazama ukuta usiosema kitu. Dorotea alikuwapo, amekuja mapumziko, kasimama karibu na mlango wa mama yake. Hapakuwa na kigoda zizini.

"Ingia, fundi," Mzee Machage akasema, bila chuki. "Kazi yako iko ndani."

Pastory akasimama palepale zizini, gunia begani. Akaona jambo lilivyo. Akiingia leo, akiwa anajua, basi imekwisha kweli, na redio itaimba, naye atarudi Musoma akiwa fundi mzuri. Spika haiwezi kutolewa nje bila kubomoa ukuta, maana mwenyewe aliikandika hivyo.

"Mzee, siwezi kuingia humo."

Mikekani watu wakageuka.

"Kwa nini? Siku ile uliingia."

"Siku ile sikujua. Hakuna aliyenilea akanifundisha. Leo najua, kwa hiyo siingii. Hata redio ikifa moja kwa moja, siingii."

Mzee Machage akakuna kidevu. "Watu hawa wanasubiri somo lao. Nani atatengeneza?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mwenye nyumba. Mimi nitasema kutoka hapa, Dorotea asimame mlangoni apeleke."

Mzee mmoja wa mkekani akasema, "Hii sijawahi kuiona," akasogea mbele aone vizuri. Dorotea akamtazama baba yake. Baba yake akatazama juu, kwenye antena, muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa: haya.

Pastory akampa mtoto wa jirani bisibisi aipeleke. Akageuza mgongo, akatazama ng'ombe.

"Mwambie afungue transista kwa nyuma. Parafujo nne."

"Mama, fungua nyuma, parafujo nne." Akatega sikio. "Anasema ni tano."

"Sawa, ni tano. Betri ziko sawa?"

"Anasema betri ameweka mpya juzi, yeye siyo mjinga."

Watu wakacheka. Pastory akaendelea kutazama ng'ombe. "Basi afuate nyaya mbili zinazokwenda ukutani. Azipapase polepole."

Ndani kikasikika kitanda kikilia, mtu anapanda. Kisha sauti ya Wankyo, ya chini, na Dorotea akaipokea.

"Anasema waya mmoja umekatika nyuma ya spika. Una meno ya panya."

"Amenye ncha zote mbili kwa kisu. Kwanza azime. Azisokote pamoja kama anavyosokota kamba ya ndama, azungushie kipande cha kitambaa. Halafu awashe."

Mzee Machage alikuwa amesimama mikono nyuma. Ukuta ukakwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena, kisha sauti ya mwalimu wa redio ikatoka kubwa katikati ya sentensi, ikimweleza mkulima nafasi kati ya mche na mche. Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele vingine vikatoka ndani, vya mtu mmoja, na Mzee Machage akashtuka, maana sauti ya mkewe aliijua.

Jirani mmoja akamkimbilia Pastory. "Fundi, na ya kwangu inakwaruza. Ukitoka hapa pita nyumbani."

"Huyu hapiti kwa mtu leo," Mzee Machage akasema kabla Pastory hajajibu. Akaingia nyumba yake mwenyewe, akatoka na kigoda, akakiweka zizini. "Kaa." Pastory akakaa. "Una ndugu?"

"Baba mdogo mmoja, Kisorya."

"Mlete, tuongee naye. Na aje na mbuzi kwa ajili ya paa la mama, kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Hilo sitalisamehe bure."

"Nimesikia, baba."

Dorotea ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani, hatua tatu nyuma yake, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Wakaipita nyumba ya mwisho.

"Kesho nakwenda Kisorya," Pastory akasema.

"Kesho Jumapili. Hakuna gari."

"Nitatembea mpaka nilipate."

"Acha ujinga." Akamfikia, wakawa wanakwenda sambamba. "Nenda Jumatatu. Mimi siendi popote."