Loki za Magurudumu ya Mbele

Fundi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, kama afanyavyo kila jioni kabla ya kufunga gereji, gari jeupe lilipoingia uani likilia.

Halikupiga honi. Lililia. Lilipokata kona ya getini, chini yake ulitoka mlio mrefu wa kujikaza, kama wa mgonjwa anayeinuliwa kitandani na hataki. Magurudumu yakaruka kidogo. Kisha likatulia.

Alishuka mkunga wa zahanati, bado amevaa sare yake ya kazi. Akaufunga mlango taratibu, kama anayechelea kumwamsha mtu.

"Fundi, hujafunga?"

"Ndiyo nilikuwa nafunga. Karibu, mama. Habari za wazazi wako huko?"

"Leo wawili, wote salama." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Umelisikia? Asubuhi linakwenda vizuri kabisa. Jua likianza kuzama... ndiyo hivyo. Kila siku. Na shemeji yangu anasema ni mimi."

"Ni wewe vipi?"

"Kwamba nimemfunga ndugu yake humo ndani. Hivi ninavyosema nawe wamekaa nyumbani kwangu wananisubiri. Niseme nilimfanyia nini, au niondoke leo hii niwaache watoto."

Fundi akacheka kidogo, kwa nia ya kumtuliza. Watu walimwita Dokta, kwa sababu ya kijiti cha mti alichokuwa akikiegemeza kwenye injini na upande mwingine sikioni. Alikuwa ameyasikia mengi. Kulikuwa na mwalimu aliyeendesha mwaka mzima kwenye lami huku gia ndogo, ile ya kuvutisha magurudumu yote manne, imeingizwa, kwa hoja kwamba amenunua gari la kuvuta kwa magurudumu manne na hawezi kutumia mawili. Gari likawa linajikaza kwenye kila kona, mpaka mkewe akaita watu wa kuliombea. Kulikuwa na mwuza mbao aliyeamini kuwa gia ndogo ni ya kukimbilia. Wote walifika kwake wakinong'ona habari za majirani wachawi. Katika miaka ishirini na sita, Dokta hakuwahi kukutana na jini asiyelegea kwa spana.

"Gari la namna hii likivuta kote kote kwenye barabara kavu, litalia tu," alisema. "Si uchawi, mama. Gia ndogo umeigusa?"

"Sijaigusa. Iko alivyoiacha yeye."

Kicheko kikamwishia Dokta.

Yeye alikuwa mumewe, mpima ardhi. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu gari lile likutwe limekwama katikati ya kivuko cha mto uliojaa, milango wazi, na mwili wake ukapatikana siku ya pili, mbali, kwenye matete.

Dokta akachukua tochi, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Katikati yake kuna kifuniko cha duara ambacho mafundi hukiita loki. Huzungushwa kwa mkono. Kikielekea huku, gurudumu liko huru. Kikielekea kule, linafungamana na mashine na kuvuta. Kama loki ziko huru, gia ndogo utaivuta mpaka uchoke. Magurudumu ya mbele hayatafanya kitu.

Loki ilikuwa imefungwa. Akazunguka upande wa pili. Nayo imefungwa.

Juu ya chuma palikuwa na alama za vidole. Tope. Akaligusa.

Lilikuwa bichi... na mvua haikunyesha mwezi mzima.

"Nani amezigeuza hizi?"

"Zipi?" Mkunga akainama pembeni yake. "Kumbe huwa zinageuzwa?"

"Kwa mkono. Kabla ya kuingia kwenye tope."

Mkunga akaigusa loki kwa kidole. "Na yeye alijua?"

Hapo ndipo mahali ambapo angeweza kusema.

Ni Dokta aliyeziweka loki hizo. Zile za zamani zilikuwa zikijifunga zenyewe, zikaharibika, akatia hizi za mkono. Mwenye gari alikuja jioni, ana haraka, na Dokta alikuwa hapa hapa penye ndoo, mikono imejaa povu. Akamwonyesha ufunguo kwa kiwiko. "Liko tayari," alimwambia. "Kwenye tope vuta gia ndogo tu." Mpima ardhi, mtu wa kupenda uhakika, akageuka mlangoni akauliza, "Hamna kingine?" Na Dokta akajibu, "Hamna kingine." Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alikuwa amechoka, na sabuni ilikuwa inamkaukia mikononi.

Siku ya sita tangu alikabidhi, aliitwa na mnyororo wake kulivuta gari mtoni. Gia ndogo ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Loki zote mbili zilikuwa huru. Aliziona. Akafunga mnyororo, akavuta, akanyamaza.

"Mwenye gari hulijua gari lake, mama," alisema sasa.

Mkunga alimtazama kama anavyowatazama wanawake wanaosema uchungu bado. Hakubisha.

"Basi nipeleke nyumbani. Uendeshe wewe. Ukawaeleze kwamba ni ufundi, si uchawi."

Hilo Dokta aliona analiweza. Akazigeuza loki zikawa huru, moja, mbili, akarudisha gia ndogo mahali pake, akakaa kwenye usukani. Gari likatoka uani kimya. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.

"Umesikia?" alisema. "Amepona."

Mkunga hakucheka.

Barabara ya kwake hupita kivukoni, hakuna nyingine. Walipofika jua lilikuwa limebakiza ukingo mwembamba. Maji yalikuwa machache, hayafiki magotini, lakini pale pa kuingilia palikuwa na tope jeusi. Dokta akapunguza mwendo. Fundi yeyote angeshuka hapo, azigeuze loki, apande tena. Ni kazi ya nusu dakika. Lakini angeshuka, mkunga angeona jinsi kazi ile ilivyo ndogo... angejua ni kitu kidogo namna gani mumewe hakuambiwa.

Hakushuka.

Gari likaingia. Likafika katikati. Likazama upande wa nyuma, taratibu, kama mtu anayekaa.

Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale. Akaivuta gia ndogo, mkono wake ukafanya hivyo wenyewe, na ya mbele hayakutikisika. Akakanyaga tena. Injini ikakohoa, ikazimika.

Kimya.

Maji tu, chini ya sakafu.

Kisha harufu. Mwanzoni alidhani ni mikono yake. Sabuni ya unga... lakini iliyochanganyika na matope, na nguo zilizolala majini muda mrefu.

"Mama," alinong'ona, "unasikia harufu?"

"Nyamaza kidogo," alinong'ona mkunga.

Mbele, upande wa kushoto, chini ya maji.

*Ka.*

Dokta aliujua mlio huo kuliko sauti ya mwanawe. Ni wa loki ikiingia mahali pake.

Kitu kikapita mbele ya gari, kutoka kushoto kwenda kulia. Hakukuwa na mtu. Maji ndiyo yaliyopasuka, hatua kwa hatua, kwa uangalifu, kama yanapasuliwa na mtu asiyetaka kulowesha suruali.

Yakasimama penye gurudumu la kulia. Upande wa Dokta, penye usukani.

*Ka.*

Dirisha lilikuwa wazi kiasi cha vidole vitatu. Sauti ilipita hapo hapo, ya chini, ya adabu, ya mtu anayependa uhakika.

"Fundi... ni hivi?"

Dokta hakuweza kugeuza shingo. Akamtazama mkunga. Mkunga alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, macho mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika.

"Kila jioni anauliza," alisema polepole. "Uani kwetu, penye magurudumu. Miezi mitatu. Mimi nitamjibu nini, mimi si fundi? Leo ndio nimekuleta."

"Fundi... ni hivi?"

Maji yalikuwa yameanza kuingia chini ya mlango.

"Ndiyo," alisema Dokta. "Ni hivyo. Kushoto na kulia. Ulitakiwa kuambiwa. Sikukuambia." Akaachia usukani. "Ni mimi. Sikukuambia, na nikaziona, na nikanyamaza."

Harufu ikapungua, ikaisha.

Akajaribu ufunguo. Injini ikawaka mara moja. Gari likavuta kwa miguu yote minne, likapanda ng'ambo.

Uani kwa mkunga walikuwa wamepanga viti. Kaka wa marehemu alisimama alipoona nani yuko kwenye usukani.

"Na huyu wa nini? Umeleta wakili?"

"Nimeleta fundi," alisema mkunga. "Atasema yeye."

Dokta alisema. Hakukaa, na hakupunguza kitu: loki, ndoo, sabuni, swali na jibu lake, mnyororo. Kivukoni ndiyo sehemu pekee aliyoiacha. Alipomaliza, kaka yule alibaki ameshika mgongo wa kiti. Alikuwa amejiandaa miezi mitatu kumchukia mtu mmoja, na sasa chuki ile haikuwa na pa kuiweka.

"Jambo dogo hivyo?" aliuliza mwisho.

"Dogo hivyo."

Viti vikakunjwa kimoja kimoja. Mkunga akaingia ndani kwa wanawe, na hakuna aliyemwita tena kikaoni. Gari jeupe halikulia tena, jioni ile wala zilizofuata.

Dokta bado ana gereji. Wateja wengine walimwacha, wengine wakarudi, na sasa anapokabidhi gari huwa anaeleza mpaka mtu anachoka kumsikiliza. Anamshikisha loki kwa mkono wake mwenyewe. Anamwambia ageuze, arudie.

Lakini jua linapoanza kuzama, uani kukiwa hakuna mtu wala gari, naye ameinama kwenye ndoo na povu limemjaa mpaka viwikoni, husikia nyuma yake hatua zinazosimama mlangoni. Hageuki. Anajua swali, kwa kuwa sauti ile imelibadilisha tangu siku ya kivukoni.

"Hamna kingine?"

Naye husimama hivyo hivyo, mikono hewani, akiyakumbuka magari ya miaka ishirini na sita moja baada ya jingine, yote aliyoyatoa kwa haraka, na nani aliondoka na lipi, na walifika wapi... mpaka sabuni inamkaukia kwenye vidole.