Kutu Chini ya Rangi Nyeupe

Peugeot 404 nyeupe ilikutwa imelala ubavu katika mtaro wa barabara ya Kambove, riboni za harusi bado zimefungwa kwenye boneti. Ndani yake Gracien, mwenye gari, alikuwa hai lakini hajitambui. Alikuwa akienda kuwachukua maharusi.

Inspekta Germaine alipofika, watu walikuwa tayari na jina la mhalifu. Walimtaja Rolly, makanika, shemeji yake Gracien. Wawili hao walikuwa wakigombea gari hilo tangu baba mkwe wa Gracien, mwenye gari wa kwanza, alipofariki, na jana yake Rolly ndiye aliyetengeneza breki. Jioni Rolly alikuwa mahabusu. Alikana, na akaomba jambo moja tu: breki zikaguliwe.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, Germaine alizikagua pamoja na mtaalamu wa magari. Breki zilikuwa nzima. Hakuna mrija uliokatwa. Palipoachia ni pale usukani unapofungwa kwenye chasisi.

Germaine alikwangua rangi ya mahali hapo kwa bisibisi. Ikatoka mastiki ya kuzibia mashimo, nene kama kidole. Chini ya mastiki kulikuwa na bati la kopo la maziwa. Chini ya bati, kutu tupu, ikimeguka kama biskuti. Bolti zilikuwa hazina chuma cha kushika.

Hospitalini, Philomène, mke wa Gracien na dada yake Rolly, alieleza kwamba sehemu za gari hilo zenye kutu zilitengenezwa mwaka jana na Déogratias, fundi wa bodi anayesifika Likasi nzima kwa magari ya zamani. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yao. Philomène hakuamini kwamba angeweza kuwatendea hivyo.

Déogratias alihojiwa kituoni. Alisema alikata kutu yote na kuchomelea chuma kipya. Germaine aliweka kile kipande cha bati mezani, akamwomba akichukue. Mkono wa fundi ulipapasa meza, ukakipita, ukarudi.

Germaine alimtazama machoni.

"Papa Déo, tangu lini hauone?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Tangu ule mwaka juzi. Moto ya soudure iliharibu macho. Nikichomelea, mustari unapotea. Mastic inafanyika na mikono, haiombe macho."

"Juu ya nini haukumwambia Gracien?"

"Niliogopa. Batu bote banajua minye ni fundi. Nikiacha hii kazi, nitakuwa nani?"

"Na yeye ni rafiki yako."

"Ni ndugu yangu," alisema, akaanza kulia.

Germaine alimwacha alie, kisha akauliza kama kuna gari jingine alilolitengeneza hivyo. Lilikuwapo moja: Mercedes ya zamani ya Mama Fortunée, inayokodiwa kwa harusi. Asubuhi hiyo ilikuwa ikimpeleka bibi harusi mwingine kanisani Kakanda.

Germaine aliagiza kwa redio izuiwe. Akamtoa Rolly mahabusu, akamwomba radhi, akampakia kwenye gari la polisi.

Mercedes ilikuwa imesimamishwa kizuizini nje ya mji, bibi harusi amekaa ndani, amenuna. Rolly alijilaza chini ya gari akachoma kwa bisibisi karibu na gurudumu la mbele. Bisibisi ilizama hadi mpini. Alimwonyesha bibi harusi, naye akashuka, akakusanya gauni lake na kupanda gari la polisi. Walifika kanisani wamechelewa, na ndoa ikafungwa.

Déogratias alishitakiwa kwa kusababisha majeraha kwa uzembe. Rolly alikwenda moja kwa moja hospitalini kukaa na dada yake.

Jumatatu Gracien alizinduka. Germaine alimweleza yote, polepole, Rolly akiwa kando ya kitanda. Gracien alisikiliza hadi mwisho. Aliutafuta mkono wa shemeji yake, akaushika. Alisema mashitaka yaendelee, kwa kuwa yule bibi harusi naye angeweza kufa.

Kisha akauliza kama kuna aliyempeleka Papa Déo kwa daktari wa macho.

"Minye nitamupeleka," alisema Rolly. "Nimeuliza daktari ya hapa; anasema macho ya vile mara nyingi inapasuliwa, na inapona."