Fimbo Kumi na Mbili za Shangazi

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Kiherehere hakupitia nyumbani. Alishika njia ya bwawani, mkoba ukimpiga mgongoni, mpaka kwenye chumba cha kazi cha shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi huyohuyo, maana tangu akiwa anatambaa hakuweza kuona mtu anafanya kazi bila kutia mkono wake. Likamganda. Sasa ana miaka kumi na miwili, na hata walimu hulitumia wakijisahau.

Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama maji. Mezani palitandikwa taulo kuukuu ili skrubu ndogondogo zisikimbie, na juu yake kulikuwa na chupa ya mafuta mepesi na mswaki uliokwisha. Ukutani zilisimama fimbo za kuvulia. Shangazi alizitunza na kuwakabidhi wageni waliokuja kuvua samaki wa mdomo mpana. Huyo ni samaki mkorofi. Hujificha kwenye magugu, na akinasa hurukia juu akitikisa kichwa kama mtu anayekana kesi.

Kiherehere alipenda kumtazama shangazi akichagua gurudumu la kuikalia kila fimbo. Magurudumu hayo, yaliyobeba mshipi, hukaa juu ya fimbo na si chini yake. Unabonyeza kitufe kwa dole gumba, kipipa cha mshipi kinaachiwa, unarusha chambo, na dole gumba hilohilo linakigusagusa kipipa kisikimbie kuliko chambo. Kikikimbia, mshipi hufura na kujisokota, ukabaki na kiota cha ndege kisicho na ndege.

"Mimi ni mshenga," shangazi alikuwa akisema. "Na mshenga mjinga huangalia uzuri wa sura tu. Wazuri wawili wanaweza kukaa nyumba moja wakavunjiana vyombo."

Aliikunja ncha ya fimbo kwa kiganja, akafumba macho. Ikiwa inapinda nchani tu na kiuno kimekaza, hiyo ni fimbo ngumu ya chambo kizito, na aliipa gurudumu la haraka linalovuta mshipi mwingi kwa mzunguko mmoja, kwa sababu samaki aliyenaswa ndani ya magugu hasubiriwi. Fimbo laini inayopinda hadi kiunoni aliipa chambo chepesi na gurudumu la polepole. Hakuwa na karatasi wala kipimo. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi iliyohifadhiwa kwenye vidole vyake, na Kiherehere hakuwahi kumwona akikosea.

Mwezi huo fimbo mpya kumi na mbili na magurudumu kumi na mawili vilikuja kwenye maboksi. Walionunua ni wakubwa wa ofisi ya bwawa, na kama ilivyo desturi ya wakubwa, hawakumwuliza mtu atakayevishika. Waliangalia picha wakachagua rangi. Baada ya maboksi alikuja meneja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia, kana kwamba mafuta ya mezani yangemrukia shati. Akasema Jumamosi asubuhi wanafunzi kumi na wawili wa chama cha mazingira watakuja kujifunza kuvua. Mara ya mwisho mishipi iliwavurugikia wageni. Ikitokea tena, chumba hiki kitafungwa kiwe stoo ya viti vya ofisi, na shangazi apumzike nyumbani.

Hakutaja kwamba magurudumu yaliyovuruga yalikuwa mabovu, na kwamba shangazi aliandika barua tatu kuyahusu. Barua za watu wadogo zina tabia ya kupotea njiani.

Shangazi alirudi mezani akafungua boksi la kwanza. Ilipofika Alhamisi alikuwa ameshazioanisha zote kumi na mbili. Alikuwa amepata hata gurudumu lenye kishikio upande wa kushoto, kwa ajili ya Mashoto, rafiki yake Kiherehere na mmoja wa wale wanafunzi kumi na wawili, ambaye aliandika, alikula na kurusha mawe kwa mkono wa kushoto. Mashoto alipoambiwa hakuamini. Shuleni mkasi ulikuwa wa kulia, madawati yalikuwa ya kulia. Hakuna mtu aliyewahi kuufikiria mkono wake kabla haujafika mahali.

Ijumaa zilibaki fimbo sita hazijajaribiwa, namba saba hadi kumi na mbili. Shangazi akaitwa kwenye mkutano ofisini, mkutano wa saa nane, yaani ule unaoanza saa kumi. Akamwekea Kiherehere fimbo hizo ukutani, kila moja na chambo chake, akamkumbusha kazi ambayo walishaifanya pamoja mara nyingi. Kwanza pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa hata unyuzi mmoja, pete ina ufa, na ufa utaukata mshipi. Kisha ning'iniza chambo cha fimbo hiyohiyo, si cha jirani yake, ulegeze kifundo cha pembeni mwa gurudumu, chenye alama za namba na kinachobana kipipa, kidogo kidogo mpaka chambo kishuke taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Kikigusa sakafu, kipipa kisimame palepale.

"Polepole, mama," shangazi alisema akifunga kitambaa. "Hii kazi haina njia ya mkato."

Namba saba Kiherehere aliifanya vizuri kabisa, pamba, kifundo na sakafu. Ilimchukua dakika ishirini. Namba nane vilevile. Zote mbili zilikuwa fimbo laini, na vifundo vyake vilisimama kwenye alama ya tatu. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Mashoto akachungulia dirishani.

"Wewe fundi, kamba inakusubiri. Au umeolewa na hizo fimbo?"

"Nakuja. Zimebaki nne."

"Nne? Tutakuwa tumezeeka."

Kiherehere akayatazama magurudumu manne yaliyobaki. Rangi moja, kiwanda kimoja, na ukiacha kile kishikio cha Mashoto, yamefanana kama mapacha. Ikiwa mawili yamekaa alama ya tatu, haya yana sababu gani ya kukaa kwingine? Akavizungusha vifundo vinne hadi alama ya tatu, akabandika vibandiko vya namba, akairudisha pamba kwenye kopo. Fimbo mpya ya dukani itapataje ufa? Kazi iliyobaki ikamalizika kwa dakika tatu, naye akakimbilia nje.

Jioni walikula pamoja nyumbani kwao, yeye, shangazi na baba yake. Baba, tangu afiwe na mkewe, hakuwa msemaji, ila akianza kuwasema wakubwa sahani hupoa. Shangazi alisimulia alivyokaa kwenye benchi saa mbili nzima, halafu mkutano wenyewe ukawa wa kuambiwa wafike mapema. Baba akasema benchi lile limewazeesha watu wengi kuliko miaka. Kisha shangazi akamgeukia Kiherehere, akamwuliza kama amezijaribu zote.

"Zote, shangazi."

"Na pamba?"

"Na pamba."

Shangazi akashusha pumzi. "Kaka, mtoto huyu ana mikono ya wifi yangu marehemu. Mkono usiodanganya."

Baba akainamisha kichwa, akatabasamu, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Kiherehere akaangalia sahani yake. Alitaka kusema. Lakini wote wawili walikuwa na furaha, naye akamega tonge jingine. Akajiambia kwamba pengine mapacha ni mapacha kweli.

Jumamosi wanafunzi walijipanga ukingoni mwa bwawa pamoja na mwalimu wao, Kiherehere akiwa wa mwisho mstarini. Meneja alisimama nyuma yao, mikono kifuani. Shangazi alimpa kila mmoja fimbo yake, akawaonyesha dole gumba linavyotakiwa kukaa, akawaita mmoja mmoja. Wa kwanza akarusha. Chambo kikaenda kwa upinde mzuri, kikaanguka majini na mlio mdogo, na kipipa kikatulia. Watoto wakapiga makofi. Wa pili hivyohivyo, na wa tatu, mpaka wa nane. Watoto ambao hawakuwahi kushika fimbo maishani walikuwa wanarusha kama wavuvi, kwa sababu ya matayarisho ya mwanamke mmoja asiyejisifu. Mwalimu alimwambia meneja kwamba hajawahi kuona vifaa vinavyowatii watoto namna hii. Meneja akakohoa.

Namba tisa akarusha. Kipipa kikalia kwa ukali, chambo kikadondoka hatua tano mbele, na mshipi ukafura ukawa kiota. Mvulana aliyerusha akasema samahani, labda ameachia dole vibaya. Kiherehere akakitazama kibandiko cha namba tisa.

Akafuata Mashoto, namba kumi. Alikuwa amejizoeza kwa fimbo ya kufikirika tangu Alhamisi. Alirusha sawasawa kama alivyoelekezwa, na mshipi ukafura vibaya kuliko ule wa kwanza, vitanzi vikamzonga vidole. Baadhi ya wenzake wakacheka.

"Sasa mnategemea nini?" meneja akasema. "Mkono wa kushoto huo."

Mashoto aliutazama mkono wake tu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwaibisha mbele za watu.

"Mkono wa mtoto hauna kosa," shangazi akasema. "Nimezipanga mimi. Kosa ni langu."

"Basi, mama," meneja akajibu taratibu, "nadhani mwenyewe umesema."

Kiherehere alijua neno lile lina maana gani. Stoo ya viti. Akajua pia kwamba akinyamaza, shangazi ataondoka na kosa lisilo lake, na Mashoto ataondoka na mkono asiouamini. Akatoka kwenye mstari.

"Si shangazi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Si shangazi, na si mkono wa Mashoto. Hizo nne za mwisho sikuzijaribu. Niliziweka alama moja na zile nyepesi, nikaenda kuruka kamba. Halafu nikasema nimejaribu zote."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama.

"Kumbe kazi ya ofisi inafanywa na watoto," meneja akasema.

"Ni kweli, nilimwachia mtoto kazi yangu, na hilo ni kosa langu," shangazi akajibu. "Mimi nilikuwa kwenye benchi lenu."

Mwalimu akaangalia saa yake, akasema wana nafasi hadi saa sita, na kwamba kama inawezekana angependa watoto waone kazi hiyo inavyofanywa. Shangazi akaichambua mishipi miwili iliyosokotana, kitanzi kwa kitanzi, bila kukata hata kimoja. Kisha akampa Kiherehere fimbo namba tisa.

"Haya. Waonyeshe."

Kiherehere akapitisha pamba kwenye pete zote, akaning'iniza chambo kizito, akabonyeza kitufe. Chambo kikaporomoka kama jiwe. Watoto waliona kwa macho yao alama ya tatu inavyoliacha gurudumu wazi kwa mzigo ule. Akabana kidogo, akajaribu, akabana tena. Kwenye alama ya saba chambo kikashuka kwa adabu, kikagusa ardhi, na kipipa kikasimama. Mtu mmoja nyuma akasema "Aa," kama aliyefumbuliwa kitendawili. Kumi, vivyo hivyo. Kwenye namba kumi na moja, pamba ilipofika pete ya tatu, unyuzi mweupe ukanasa.

Shangazi akaichukua, akapitisha ukucha. Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Akampa mwalimu aguse kwa ukucha wake, na mwalimu akawapitishia watoto wote. Fimbo ile ikawekwa pembeni. Fimbo mpya, yenye rangi waliyoichagua wakubwa.

Mashoto akarusha tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Chambo kilipaa kikavuka ukingo wa magugu, mbali kuliko cha yeyote asubuhi hiyo. Samaki akakirukia, akatikisa kichwa mara mbili, akajinasua. Hakuna aliyemvua samaki siku ile, lakini Mashoto alibaki amesimama na fimbo mkononi akicheka peke yake.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alimwambia meneja, mbele ya wanafunzi wote, kwamba amewaleta kujifunza kuvua na wamejifunza zaidi ya hapo. Shule itakuja kila Jumamosi muhula huu, iwapo mama huyu atakuwepo. Kama chumba chake kitafungwa, basi hawaji. Meneja alisema wataona. Jumatatu ikaja barua fupi kwamba chumba kitabaki, na kwamba kabla ya manunuzi mengine mtunzaji wa vifaa ataulizwa. Barua za wakubwa huwa hazipotei njiani.

Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi ile, watu walipokwisha kuondoka, Kiherehere aliingia chumbani akamkuta shangazi anafuta mikono. Akapiga magoti akaomba radhi. Alitegemea kugombezwa, na kwa kweli angependelea hivyo.

"Inuka, mwanangu," shangazi akasema. "Kuchoka si dhambi. Kutamani kuruka kamba si dhambi. Ungeniambia, shangazi nimefanya mbili, ningeziona zile nne zinanisubiri, tungekula haraka tukarudi huku tukazimaliza. Lakini uliniambia zote. Kazi isiyokwisha ina bahati, maana mtu mwingine anaweza kuimalizia. Kazi iliyosemwa imekwisha haina wa kuimalizia, kwa sababu hakuna anayejua iko wapi. Ufa ule ungekaa palepale mpaka umkatie mtu mshipi. Leo umesema ukweli mahali ambapo ulikuwa mgumu kusema, na nimekuheshimu. Siku nyingine useme mapema, mahali ambapo ni rahisi."

Kiherehere akaitika. Kisha akavuta kiti, akachukua fimbo namba kumi na mbili, ambayo saa sita iligonga kabla haijafikiwa, akatafuta pamba.