Dawa Isiyo na Maziwa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki.

Ya pili ilipita juu ya kofia, ikilia kama nyigu.

Sikuli hakupunguza mwendo. Aliinama juu ya tangi la TVS yake na kukaza mafuta. Mbele yake Fuso ilikuwa inaruka mashimo ya barabara itokayo Kasindi kwenda Beni. Juu ya turubai, mtu mwenye koti jekundu alikuwa anajaza bunduki yake tena.

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani, ikimwita kwa jina lake la kazi.

«Chumvi, hapa Kambi. Uko hai?»

«Kwa sasa.»

«Hapana kuacha ile camion ifike Butembo! Unasikia?»

«Nasikia, Koloneli.»

Koloneli Kabongo, mtu wa Kasai, alikuwa mkubwa wake katika idara isiyo na kibao mlangoni. Hakuwahi kumsifu mtu. Asubuhi ile alitoa amri yake kwa maneno matatu: «Kutu imefika Masereka.»

Sikuli hakuhitaji la nne. Alizaliwa Masereka, kwenye milima ya ngano, na aliijua kutu ya manjano: kuvu inayochora majani kwa mistari ya unga, kisha huyakausha kama karatasi juani. Karibu mlima mzima ulikuwa umepanda mbegu ya zamani. Ni tamu kwa mkate, lakini kutu nayo huipenda. Yeye alimletea mama yake mbegu mpya inayostahimili kutu. Mama Kyakimwa aliipanda kwenye pembe moja tu ya shamba, ili mwanawe anyamaze.

Sasa pembe hiyo peke yake ndiyo ilikuwa kijani kitupu.

Shamba lililobaki, na mashamba ya majirani wote, yalikuwa yanangoja dawa. Ilipaswa kupigwa kesho, wakati jani la juu kabisa, lile linalolisha suke, bado ni zima. Dawa haifufui jani lililokufa. Hulinda lililo hai. Ikichelewa, milima ingekula unga wa kununua mwaka mzima.

Ndivyo ilivyotaka kampuni moja ya unga ya ng'ambo. Mkono wake hapa ulikuwa Zacharie, mpitisha mizigo wa forodha pale Kasindi. Idara ilikuwa imenasa simu yake: dawa ya ushirika wa Masereka imebadilishwa mpakani, na ya bandia ndiyo iliyo ndani ya Fuso.

Sikuli alichomoa bastola yake, Beretta, kwa mkono wa kushoto.

Mlio mmoja.

Gurudumu la nyuma likapasuka. Fuso ikayumba, ikalamba mtaro, ikasimama karibu na Bulongo huku ikifuka moshi. Mwenye koti jekundu, mlinzi aliyewekwa na Zacharie, aliruka na kumezwa na kichaka. Dereva, mzee Phinées, alishuka mikono juu, matusi mdomoni.

«Mupumbavu! Pneu ya mupya! Unapenda kutuua juu ya nini?»

«Fungua nyuma.»

«Fungua weye, uko na bunduki!»

Ndani mlikuwa na madumu ya bluu yenye vibandiko vinavyong'aa, pamoja na pampu mpya za kupigia dawa. Sikuli alifungua dumu moja. Juu kulikuwa na maji meupe, chini kumeganda. Alisugua kati ya vidole, akanusa.

Unga wa muhogo. Na sabuni.

«Bamekubebesha fufu, Papa Phinées.»

«Weye njo fufu! Minabeba dawa tangu ulikuwa unanyonya. Na ile muchoyo ya Zacharie hata maziwa hakutupatia!»

Sikuli aliganda.

«Sema tena.»

«Maziwa! Hakutupatia! Eti hii ni dawa mupya, haina sumu. Lakini bale batu ba dépôt yake ya kakao, kule Boikene, mu Beni, alibatumia bidon mbili. Bao banakunywa, siye tunameza mate!»

Toka Kasindi hadi Butembo, hakuna mpakizi anayegusa dawa ya shamba bila kuahidiwa maziwa baadaye. Wanasema maziwa hufukuza sumu. Madaktari hucheka. Wapakizi hawacheki, bila maziwa hawanyanyui hata kifuniko.

Na tangu lini mpakizi wa kakao akahitaji maziwa?

Mchoyo hapotezi tone. Zacharie aliwanyima waliobeba unga, akawapa waliobeba sumu.

«Kambi, hapa Chumvi. Camion imesimama.»

«Bon. Rudi bureau.»

«Hapana. Dawa ya kweli iko Beni.»

«Amri yangu ilikuwa camion!»

«Camion haiponyeshe ngano, Koloneli.»

Akazima redio. Alichukua pampu moja, akaijaza ile fufu ya maji, akaivaa mgongoni.

«Sasa unaenda kupiga dawa?» Phinées alimkejeli. «Ku barabara?»

«Ku mududu moja tu.»

TVS ikanguruma.

Mlangoni pa dépôt, ghala la Zacharie kule Boikene, alikaa mama mmoja muuza maziwa, Christa, na madumu yake mawili matupu.

«Bamemaliza, Mama?»

«Bamekunywa kama ndama. Usiguse kikombe yangu!»

Ilitosha.

Ndani, wapakizi walikuwa wanafukia madumu ya bluu chini ya magunia ya kakao, ndani ya lori lililoelekeza pua Kasindi. Zacharie aligeuka, viatu vyake viking'aa, bastola ya Makarov mkononi.

«Eh! Mutoto wa Masereka! Mama yako angali analima majani?»

«Weka bunduki chini.»

«Weye njo uweke. Hatua moja, natoboa bidon yote. Udongo itakunywa dawa, na kutu itakula ngano ya mama yako.»

Mdomo wa Makarov haukumwelekea Sikuli. Ulielekea madumu.

Beretta isingeyaokoa.

Sikuli aliinama polepole, akaiweka chini. Alipoinuka, mkono wake ulikuwa umeshika mrija wa pampu.

Fyaaa!

Maji meupe yalimjaa Zacharie usoni, machoni, mdomoni. Makarov ikaanguka. Akajishika koo kwa mikono miwili.

«Sumu! Nakufa! Muniletee maziwa! Batu ba Mungu, maziwa!»

Hakuna aliyesogea. Mpakizi mmoja alichungulia kikombe chake, akafuta midomo.

«Tulimaliza, patron.»

Sikuli aliipiga Makarov teke hadi ukutani. Akaokota yake.

«Lamba, Zacharie. Ni fufu yako.»

Zacharie alilamba. Uso wake ukabadilika, na dépôt nzima ikaangua kicheko kibaya, kicheko kisicho na huruma.

«Hizi bidon za hapa... ni za kakao tu,» alibabaika.

«Na maziwa ulibapatia ya nini?»

Sikuli alimshika mikono. Pingu zilijifunga.

«Batu,» Sikuli aliwaambia wapakizi, «mugeuze lori. Dawa inapanda Masereka.»

«Bila maziwa?»

«Mulishakunywa.»

Aliwasha redio.

«Ulizima!» Kabongo alifoka.

«Batri, Koloneli.»

«Muongo. Kesho asubuhi bureau.»

«Kesho asubuhi niko shambani.»

Kulipopambazuka Masereka, ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Majani ya chini yalikuwa ya manjano, lakini lile la juu lilikuwa zima, na mstari wa watu wenye pampu ulipanda mlima taratibu, vitambaa puani.

«Mama, ile pembe usipige dawa. Mbegu yangu inajilinda.»

Mama Kyakimwa aliitazama pembe ya kijani.

«Mukate yake ni mubaya,» alisema.

«Mama...»

«Mubaya sana. Musimu wa kuja unaletea mulima yote.»

Akamsukumia kikombe cha maziwa kifuani, kama alivyowapa wote waliopiga dawa.

Sikuli hakuamini maziwa. Aliyanywa yote, akarudisha kikombe, akashuka kuelekea pikipiki yake bila kugeuka nyuma.