Kiganja cha Nanga

Kila asubuhi Nanga alichota maji na kuosha vyombo, ndipo akavaa sare ya shule. Jina hilo alipewa na darasa zima la sita, maana kwenye kuvuta kamba yeye ndiye aliyekaa mwisho, na akishakita visigino chini hakuna wa kumng'oa. Lakini siku hizi vyombo aliviosha kwa mkono mmoja. Bati lilikuwa limemchana kiganja, na shindano na darasa la saba lilibakiza wiki tatu tu.

Muuguzi wa zahanati alifungua bendeji, akakunja uso. "Siku tisa, mwanangu, na kidonda bado kibichi! Umekifanya nini?"

"Sijakigusa, nesi."

"Basi itabidi sindano, siku tano mfululizo."

Mama yake, aliyeomba ruhusa kwenye kazi yake ya usafi ili amlete, akashika tama. Nanga alimtazama, roho ikamsuta.

"Nesi, nimedanganya. Kila jioni nakimwagia dawa ya mama ya kusafishia sakafu. Nilitaka kuua vijidudu vyote nipone haraka."

"Ile ya sakafu ya chooni?" mama akaruka. "Hata mimi naivalia glavu!"

Muuguzi alicheka mpaka akakaa. "Sindano tuziache kwanza. Sikiliza. Damu yako ina seli nyeupe. Zikishtuliwa na vijidudu au nyama iliyochanika, hazipigani tu. Zinatoa kemikali za kuziamuru seli za ngozi zikue na kuziba pengo. Wewe kila jioni unawaunguza mafundi pamoja na kazi yao! Maji safi na sabuni vinatosha, kisha kifunge na usikifunguefungue."

Nanga alitii, ingawa vidole vilimwasha kwa hamu ya kuchungulia. Wiki mbili baadaye ngozi mpya ilikuwa imefunga kidonda chote.

Siku ya shindano aliikamata kamba kwa mikono yote miwili. Darasa la saba, wengine sauti zishakuwa nzito kama za walimu, walivuta kwa nguvu zote. Nanga akakita visigino. Kamba ikasimama kabisa, kisha ikaanza kurudi, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka wakubwa wale wakaanguka mmoja juu ya mwenzake. Wenzake walimbeba juujuu, naye alipiga kelele za furaha kuliko wote.

Aliposhushwa, mama, aliyekuja kutazama, alikikunjua kile kiganja na kukikagua. "Kimeshika! Seli zako zimefanya kazi yake, mwanangu. Yako uliifanya siku ile uliposema kweli. Anayekutibu usimfiche kitu, hata ukiona haya."

"Sitaficha tena, mama."

"Na chupa yangu ya dawa?"

"Sabuni tu, mama. Sabuni tu!"