Mguu Uliobaki

Kila siku ya gulio, Martina aliteremsha ndizi, maharage na mboga kutoka shambani kwao Matombo. Wachuuzi walivipeleka mjini. Yeye alirudi nyumbani na sukari na soda. Mahindi yao waliyakoboa yakawa sembe nyeupe. Pumba zililiwa na kuku, na kuku walinawiri kweli.

"Kaka yangu ale dona na pumba zake, kwani yuko jela?" wifi yake, Magdalena, alizoea kusema. Martina aliuogopa ulimi huo.

Mumewe, Athanas, alikula ugali mwingi, lakini njaa ilirudi upesi. Akaota kitambi. Watu wakamsifu, "Mkeo anakutunza!" Martina akafurahi, akamwongezea.

Kisha Athanas akawa na kiu isiyoisha. Akajikata na jembe mguuni, kidonda kikakataa kupona. Hospitali walikuta sukari imepanda mno. Mguu wa kulia ukakatwa.

Aliporudi nyumbani, alikuja Jesca, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilimlisha vizuri!"

"Ulimlisha kingi, mama. Ugonjwa huu una sababu nyingi, lakini chakula ni mojawapo. Sembe na soda hugeuka sukari mwilini haraka. Njaa inarudi, mtu anakula tena, anazidi kunenepa. Dona, maharage na mboga hukaa tumboni. Ila hata dona, mpe kidogo. Na dawa asiache."

"Kumbe kizuri nilikuwa nakiuza," alisema Martina. Akalia.

Jioni Magdalena alikuja kumwona mgonjwa. Alileta kreti ya soda, maana kwa mgonjwa haendi mtu mikono mitupu.

"Wifi, zirudishe," Martina alisema.

"Unamnyima kaka yangu?"

"Mguu mmoja tumeshauzika, wifi. Umebaki mmoja."

Magdalena alibeba kreti yake akaondoka. Mpaka leo hamsalimii Martina.

Siku hizi mahindi husagwa na pumba zake. Maharage na mboga vya nyumbani hutengwa kwanza, ndipo wachuuzi wapewe. Athanas anakula kidogo na anashiba. Kitambi kimepungua, sukari imeshuka, mguu wa kushoto ni mzima. Watu husema washukuru, nao wanashukuru. Lakini inauma.

Shamba liko juu, mteremko mkali. Martina anapanda peke yake na jembe. Athanas anabaki uani, akipukuchua mahindi.

"Ndizi za kule juu zimekomaa?" humuuliza akirudi.

"Zimekomaa, baba."

"Usiziuze zote."