Ini la Mathayo na Kata ya Kwanza

Msimu wa kupiga alizeti, kijijini Kinyangiri hakuna anayekaa bure. Majirani huitana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Desturi ni kwamba mwenye kazi hunywa kata ya kwanza ya pombe ya mtama, ndipo wengine wanywe.

Mathayo alikuwa na mwezi wa pili kwenye dawa za kifua kikuu. Hata hivyo, kila alipoita watu, alikunywa. Aliogopa kuitwa mchoyo kuliko kuugua!

Jioni moja mkewe, Dorkas, alimkazia macho.

"Baba Alute, macho yako ni ya njano."

"Ni hizo dawa. Naziacha."

"Hujiamulii. Kesho asubuhi tunakwenda kituo cha afya."

Kituoni, daktari alimpima damu na kuzisimamisha dawa kwa muda. Hapo walimkuta Catherine, binti wa jirani yao, anayefanya utafiti wa dawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilikunywa kidogo tu."

"Tukione hicho kidogo," Catherine alisema, akafungua kompyuta. "Hili ni ini la hesabu, mfano wa ini uliotengenezwa ndani ya kompyuta. Hatuwezi kumuumiza mtu ili tujifunze, kwa hiyo tunajaribu humu kwanza. Hali ya ini lako itajulikana kwa damu yako. Hili linatuonyesha tu jinsi madhara yanavyoanza."

Akaweka dawa peke yake. Mstari mwekundu ulipanda kidogo, ukashuka.

"Mstari huu ni madhara kwenye ini. Sasa naongeza pombe, mara moja kwa wiki."

Mstari ulipanda, ukazidi kupanda. Haukushuka.

Mathayo aliogopa kweli, na heri aliogopa.

"Dawa utazimaliza," Dorkas alisema. "Kata ya kwanza ndiyo basi tena."

Damu ilipokaa sawa, daktari alirudisha dawa moja moja, akimpima kila mara.

Siku ya kazi iliyofuata, Mathayo aliwawekea watu uji badala ya pombe.

"Mwenye kazi hanywi?" mmoja aliuliza.

"Hanywi. Nina dawa za kumaliza."

Wawili waliondoka wakinung'unika. Waliobaki walipiga alizeti mpaka jua likazama, na Mathayo hakumbembeleza mtu.

Alichelewa kumaliza dawa, lakini alimaliza. Daktari alisoma majibu ya makohozi, akasema, "Umepona."

Dorkas, ambaye siku zote hizo hakutoa chozi, alilia palepale mbele ya daktari.